Baiskeli ya Mizigo Mjini Tanga: Kuichagua, Kuipakia, Kuiendesha na Kuitunza

Kabla hujakwenda dukani kuulizia bei ya baiskeli, pima kwanza mzigo wako, na uupime kwa mizani wala si kwa macho. Wengi wanaoshindwa na baiskeli ya mizigo hushindwa kwa sababu walinunua chombo kwanza, kisha wakalazimisha kila walichokipata kikae juu yake. Baada ya miezi michache keria imekatika, njiti zimelegea, gurudumu la nyuma linayumba kila linapozunguka, na lawama zote zinaiangukia baiskeli. Nimebeba mizigo kwa baiskeli hapa Tanga kwa zaidi ya miaka kumi, kwanza maziwa, kisha nazi na samaki, na sasa bidhaa za duka langu dogo la Makorora, na jambo ninalomwambia kila kijana anayekuja kuniuliza ni kwamba baiskeli ya mizigo huchaguliwa na mzigo wenyewe.

Mji wetu unaikubali kazi hii. Sehemu kubwa ya Tanga ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba kiasi kwamba mgeni hapotei, na safari nyingi za kila siku, kama vile kutoka Soko la Mgandini hadi Chumbageni au kutoka Makorora hadi Mwanzange, ni za masafa mafupi ambayo mtu wa kawaida huyamaliza bila kuchoka. Ndiyo maana bodaboda zilipojaa mjini baiskeli hazikutoweka: muuza mikate, muuza maziwa, muuza madafu na mvuvi anayewahisha samaki sokoni bado wanaitegemea.

Kuujua mzigo

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 20, na madumu matatu ni kilo 60 kabla hujahesabu plastiki yenyewe. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mtungi wa gesi ulioandikwa kilo 15 huwachanganya wengi, kwa kuwa namba hiyo ni ya gesi iliyomo ndani tu. Chuma chake nacho kina uzito unaokaribia huo, hivyo mtungi uliojaa ni karibu kilo 30. Jumlisha na uzito wako mwenyewe, na uzito wa baiskeli ambao kwa zile za chuma huwa karibu kilo 20, ndipo utajua magurudumu yako yanaelemewa na nini kila yanapoingia shimoni.

Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu kila mzigo una tabia yake. Chombo cha maziwa kilichojaa nusu ni kigumu kukibeba kuliko kilichojaa hadi shingoni, kwa kuwa maziwa hukimbilia upande mmoja unapokata kona, na yanapofika huko wewe tayari umeshaanza kujirudisha upande wa pili. Gunia la mkaa ni pana, hushika upepo na hukuzuia kuona nyuma. Mikate ni myepesi lakini haikubali kubanwa, hivyo inahitaji sanduku, si kamba. Samaki huvuja maji ya barafu yenye chumvi, na maji hayo yana madhara ambayo nitayaeleza baadaye.

Andika kwenye daftari mzigo wako wa siku ya kawaida na mzigo wako wa siku nzito kuliko zote, kisha ununue baiskeli inayofaa siku ya kawaida. Siku ile nzito inayokuja mara moja kwa mwezi kodi guta, yaani baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, au bajaji ya mizigo, kwa maana kununua chombo kikubwa kwa ajili ya siku moja ni kujitwisha uzito wa chuma siku ishirini na tisa zilizobaki.

Chombo kipi

Kwa mzigo wa kawaida wa nyumbani au wa biashara ndogo, sijaona kinachoishinda baiskeli ya chuma ya magurudumu ya inchi 28, ya aina ambayo baba zetu waliipanda ikiitwa Raleigh, kisha Swala iliyotengenezwa hapa nchini, na ambayo leo huuzwa zaidi kwa majina kama Phoenix ya China na Hero au Avon za India. Umbo lake ni la zamani, na faida yake ni kwamba vipuri vyake vinapatikana karibu kila mtaa na hakuna fundi asiyeijua. Nyingi za baiskeli hizi zina njiti 40 kwenye gurudumu la nyuma na 32 mbele, mpango uliorithiwa kutoka kwa watengenezaji wa Uingereza, waliojua kwamba nyuma ndiko kunakobeba. Ukikuta baiskeli ya kisasa inayopendeza lakini ina njiti 28 au 32 nyembamba nyuma na rimu nyepesi, jua kwamba imeundwa kwa mtu mmoja anayekwenda matembezini.

Kuna pia baiskeli zilizobuniwa kwa ajili ya mizigo tangu mwanzo. Wadenmark wana baiskeli ndefu iitwayo Long John, ambayo mzigo hukaa mbele chini, kati ya usukani na gurudumu la mbele, na tangu mwaka 1984 wana pia baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele iliyoanzia katika mtaa wa Christiania mjini Copenhagen, ambayo wazazi huitumia kuwapeleka watoto shule. Marekani kuna zile zilizorefushwa nyuma, ili mzigo ukae kabla ya ekseli badala ya kuning'inia nyuma yake. Katika nchi za Afrika kama Zambia, Malawi na Kenya inatumika baiskeli iitwayo Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, ambayo keria yake imeundwa kubeba hadi kilo 100. Huenda usizikute hizi katika maduka ya Tanga, lakini wazo lililo ndani yake linachukulika: mzigo ukae chini, ukae kati ya magurudumu mawili, na keria iwe sehemu ya mwili wa baiskeli badala ya kuwa pambo lililofungwa kwa nati mbili.

Mzigo unapozidi kilo 100 kila siku, acha kuisumbua baiskeli na utafute guta. Guta unalisimamisha na kushuka bila kutafuta mahali pa kuliegemeza, na hilo peke yake ni faraja kubwa kwa mtu anayeuza mtaa kwa mtaa. Hata hivyo, guta halilali upande unapokata kona kama baiskeli inavyolala. Ukiingia kona kwa kasi, gurudumu la ndani huinuka na mzigo hukupeleka nje. Anayetoka kwenye baiskeli kuingia kwenye guta ajifunze upya, kwanza bila mzigo, mahali peupe, asubuhi barabara zikiwa tupu.

Ukinunua baiskeli iliyokwisha kutumika, na wengi wetu huanza hivyo, usiridhike kwa kengele inayolia na rangi inayong'aa. Ya kwangu ya pili niliipeleka kwa fundi mmoja mzee kabla ya kukabidhi fedha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Igeuze.”

Aliipindua ikasimama kwa kiti na usukani, akalizungusha gurudumu la nyuma, akashika kipande cha chaki karibu na rimu bila kuigusa. Kila rimu ilipoyumba ilijipaka chaki yenyewe, na alipolisimamisha gurudumu tukaona alama mbili nyeupe, moja karibu na vali na nyingine upande wa pili. Kisha akaanza kuzigonga njiti kwa ukucha, moja baada ya nyingine, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza kinanda. Nyingi zililia sauti inayofanana. Tatu hazikulia, zilitoa mlio mfupi uliokufa palepale. “Hizi hazibebi,” akasema. “Wenzake wanabeba kwa niaba yake. Njiti haikatiki kwa uzito tu, mwanangu, inakatika kwa kulegea na kukaza, kulegea na kukaza, mpaka inachoka.” Aliyoyasema ndiyo yanayotokea: njiti iliyokazwa sawasawa na wenzake hudumu, na iliyolegea hupindwa na kunyooshwa katika kila mzunguko hadi ikatike, mara nyingi pale kwenye kiwiko chake karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Niliinunua ile baiskeli kwa bei iliyopunguzwa, akalikaza gurudumu lote upya, na tangu siku hiyo huzigonga njiti zangu kila Jumapili asubuhi.

Mambo mengine ya kukagua ni mepesi. Shika pedeli zote mbili uzitikise kwa upande. Zikicheza pamoja, gololi au koni za boksi la pedeli, pale ekseli ya pedeli inapopita kwenye fremu, zimekwisha, na ikicheza krenki moja tu, yaani mkono mmoja wa pedeli, pini yake imelegea. Pitisha kidole chini ya fremu mahali mabomba yanapokutana, na karibu na shingo ya usukani, ukitafuta ufa au rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba. Fremu yenye ufa iache, hata ukipewa bure.

Kuiandaa kwa kazi

Keria za dukani nyingi ni za kubebea begi. Mpe fundi wa kuchomelea kazi ya kukutengenezea keria ambayo miguu yake minne inafika hadi kwenye ekseli, si kuishia kwenye bomba jembamba lililo chini ya kiti, na umwombe aweke mguu mmoja wa kuvuka kwa mshazari kila upande, kwa sababu kinachovunja keria zaidi ya uzito wa kwenda chini ni kuyumba kulia na kushoto. Mafundi wengi hupenda nondo kwa kuwa ipo karibu. Inafaa, ila ni nzito. Bomba la chuma lenye unene wa kutosha hutoa uimara uleule kwa uzito mdogo zaidi. Keria ifungwe kwa nati kwenye fremu, isichomelewe juu yake, kwa kuwa moto wa kuchomelea hudhoofisha bomba jembamba la fremu, na siku keria itakapoharibika utataka kuitoa bila kuikata baiskeli.

Stendi iwe ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma. Stendi ya mguu mmoja haifai kwa mzigo, huzama mchangani na kuangusha kila kitu. Wabeba mkaa wana dawa ya zamani ambayo naiheshimu sana: fimbo ngumu yenye panda, iliyokatwa kwa kimo cha keria, ambayo husimikwa chini ya mzigo upande ule baiskeli inakolalia. Fimbo hiyo hubebwa kando ya mzigo na huifanya kazi ya stendi pale ardhi isipokuwa sawa.

Kuna badiliko moja la bei ndogo ambalo wachache hulifikiria, nalo ni kubadilisha friwili, yaani sahani ndogo ya meno ya gurudumu la nyuma inayoshika cheni. Baiskeli nyingi za inchi 28 huja na sahani ya mbele yenye meno 44 au zaidi, na friwili ya meno 18 nyuma, hivyo kila ukizungusha pedeli mara moja gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu. Ukiweka friwili ya meno 22 na kuirefusha cheni kidogo, gurudumu litazunguka mara mbili tu. Utapoteza kasi kidogo, ambayo mtu mwenye kilo 60 nyuma haihitaji, na utapata wepesi wa kuondoka kutoka mahali uliposimama, ambako magoti huumia zaidi ya mahali pengine popote.

Tairi ya nyuma iwe nene na mpya kuliko ya mbele, na upepo ujazwe hadi kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Upepo mdogo huifanya rimu igonge jiwe moja kwa moja na kuikata tyubu kwa matundu mawili yanayolingana. Ukiyaona matundu ya namna hiyo, kosa halikuwa la msumari.

Kupakia

Hapa ndipo baiskeli ya mizigo inapofaulu au kushindwa, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kwa utulivu.

Chora akilini mstari unaosimama wima kutoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda juu. Mzigo wowote ulio mbele ya mstari huo huyakandamiza magurudumu yote mawili. Ulio nyuma yake huunyanyua usukani. Kanuni ni hiyo moja, na niliijifunza kwa gharama. Asubuhi moja nilitoka ufukweni Deep Sea na tenga la samaki. Kwa kuwa nilitaka nafasi ya kuweka kifurushi cha barafu nyuma tu ya kiti, nililisogeza tenga hadi ukingoni mwa keria. Kwenye tambarare nilikwenda vizuri. Nilipoanza kuupanda mwinuko wa kuingia mjini, usukani ukawa mwepesi mikononi kama umekatika, gurudumu la mbele likaacha lami, na kabla sijashusha mguu nilikuwa nimelala ubavu huku samaki wakiwa barabarani na barafu imenivunjikia mgongoni. Waliokuwa nyuma yangu walinisaidia kuokota, na mmoja wao, mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yake kwa mkono, akalisogeza tenga mbele shubiri moja tu na kuniambia nijaribu tena. Nilipanda. Tofauti kati ya kuanguka na kufika ilikuwa shubiri moja.

Kilicho kizito kitangulie chini na karibu na kiti, na kilicho chepesi kikae juu na nyuma. Madumu mawili ya maji hubebwa ubavuni, kila upande moja, yakining'inia chini iwezekanavyo bila kugusa visigino unapokanyaga pedeli. La tatu, kama ni lazima, hulazwa juu ya keria. Uzito wa kulia na wa kushoto ulingane. Ukiwa na dumu moja tu la kubeba, ni afadhali uugawe mzigo katika vyombo viwili vya lita 10 kuliko kuendesha safari nzima ukiegemea upande mmoja.

Kamba nayo ina elimu yake. Sisi watu wa Tanga tumezaliwa kwenye katani, kwa kuwa mkonge ulioletwa mwaka 1893 ulipandwa Kikogwe karibu na Pangani na kutoka huko ukaenea nchi nzima, na bado naiona kamba ya katani kuwa bora kwa kufunga mzigo mkavu. Ni kavu, inang'ata, na fundo lake halitelezi. Lakini ikilowa hukaza kuliko ulivyoifunga, na kufungua fundo lake inakuwa taabu. Ikilowa mara kwa mara maji ya chumvi huoza ndani kabla hujaona dalili nje. Kwa samaki na kwa msimu wa mvua tumia kamba ya nailoni, ambayo haiozi, ingawa fundo lake huteleza na linahitaji kurudiwa mara mbili. Vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu ni msaidizi mzuri wa kamba, lakini visiwe peke yake, kwa sababu mpira huvutika kwenye kila shimo, na mzigo unaoruka kwenye mpira hurudi mahali tofauti na ulipotoka.

Anzia kufunga kwenye mguu wa keria, chini, kisha vuka juu ya mzigo kwa mshazari hadi mguu wa upande wa pili, rudi kwa mshazari mwingine, na malizia kwa kuzunguka kiuno cha mzigo ili kamba zote zibanane. Mpira uje mwisho. Ncha zote zichomekwe ndani. Ncha inayoning'inia ndiyo inayonaswa na cheni au njiti. Halafu ushike mzigo wenyewe, si baiskeli, uutikise kwa nguvu. Baiskeli nzima ikitikisika pamoja nao, umefunga vizuri, na mzigo ukitikisika peke yake, rudia. Baada ya mita mia mbili simama ukaze tena, kwa kuwa kila mzigo hukaa upya baada ya kutikiswa na barabara.

Barabarani

Usidandie baiskeli yenye mzigo kwa kurusha mguu nyuma. Mzigo hauruhusu, na ukigonga unaiangusha. Inamisha baiskeli kidogo upande wako, pitisha mguu mbele ya kiti juu ya bomba, simama huku bomba likiwa katikati ya mapaja, ndipo ukanyage. Kama baiskeli ni ya bomba la chini, ambayo wengi huiita ya kike, kazi hii ni rahisi zaidi, na sioni sababu ya mwanamume kuona haya kuitumia.

Breki zinahitaji heshima. Uzito ukiongezeka mara mbili, kazi ya kuusimamisha nayo huongezeka mara mbili, lakini kasi ikiongezeka mara mbili, kazi hiyo huongezeka mara nne. Kwa hiyo dawa ya mzigo mzito ni kupunguza kasi mapema kabla ya mteremko, maana ukisubiri hadi katikati yake umechelewa. Breki za vyuma za baiskeli za zamani, ambazo raba zake hukandamiza rimu ya chuma, hupoteza nguvu nyingi rimu inapolowa. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, zibane breki polepole mara mbili tatu kabla ya kuzihitaji, ili raba zifute maji kwenye rimu, na uongeze umbali kati yako na aliye mbele. Tumia breki zote mbili kwa pamoja na bila kushtuka. Kwenye mwinuko mkali shuka usukume, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti. Kusukuma si kushindwa, na hata wabeba mkaa wenye miguu ya chuma husukuma.

Upepo wa pwani hupangiwa ratiba. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huchukua sehemu kubwa ya miezi ya katikati ya mwaka, na mara nyingi upepo huzidi mchana kuliko alfajiri. Ukiweza, nenda na baiskeli tupu ukikabili upepo, na urudi na mzigo ukiwa na upepo mgongoni. Mzigo mpana na mwepesi, kama godoro au matenga matupu yaliyopangwa, ni hatari zaidi upepo unapopiga kwa ubavu, hasa lori linapokupita kwenye barabara ya Pangani au ya Korogwe: kwanza hukukinga upepo, halafu hukuachia ghafla, na baiskeli huruka upande. Ukilisikia lori nyuma, shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo, na ukae kushoto bila kuyumba.

Usiku uwe na taa mbele na taa au kiakisi mwanga nyuma, na kiakisi hicho kifungwe kwenye mzigo. Wengi wana kiakisi kizuri kwenye madigadi, lakini gunia limekifunika chote.

Kuhusu kumbeba mtoto nitasema jambo moja tu, lakini nalisema kwa uzito wote. Miguu ya mtoto aliyekaa kwenye keria huingia kwenye njiti, na jeraha lake ni baya. Weka ubao au wavu kila upande wa gurudumu la nyuma, mwekee mahali pa kukanyagia na pa kushika, na usimbebe mtoto pamoja na mzigo katika safari moja.

Chumvi, kutu na mchanga

Hewa ya Tanga huila baiskeli hata ikiwa imesimama ndani. Anayebeba samaki ana adui wa pili, kwa kuwa maji ya barafu yaliyoyeyuka yakiwa na chumvi hudondoka taratibu kwenye rimu na habu ya nyuma, hukaa pale njiti zinapoingia kwenye rimu, na baada ya muda nati ndogo za njiti hushikwa na kutu hivi kwamba haiwezekani tena kulinyoosha gurudumu. Kata dumu kuukuu, lilaze chini ya tenga kama sinia lenye kingo, na ulitoboe tundu upande wa nyuma ili maji yadondoke barabarani mbali na gurudumu. Ukirudi nyumbani mwagia baiskeli maji baridi yasiyo na chumvi, bila kuelekeza maji kwa nguvu kwenye habu na boksi la pedeli kwa sababu yatasukuma grisi nje, kisha uifute kwa kitambaa na kuiacha ikauke.

Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka cheni kwa kuwa hupatikana bure gereji, naikataa. Ina chembechembe za chuma, na ikichanganyika na mchanga wa barabara zetu inakuwa kama msasa. Tumia oili safi nyepesi, tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedeli nyuma mara kadhaa, halafu ufute yote inayoonekana kwa nje. Inayohitajika ni ile iliyoingia ndani ya viungo. Iliyobaki nje kazi yake ni kukusanya vumbi. Habu na boksi la pedeli vifunguliwe na kupakwa grisi mpya angalau mara moja kwa mwaka, na vizuri zaidi baada ya masika.

Cheni hupimwa kwa rula ya shule yenye inchi. Ivute cheni ikaze, weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, na uhesabu vipande 24. Kwenye cheni mpya, katikati ya pini ya mwisho huangukia inchi 12 kamili, kwa sababu kila kipande ni nusu inchi. Pini hiyo ikiwa imepita alama ya 12 kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni mpya wiki hiyohiyo. Ukiiacha hadi ipite kwa sehemu moja ya nane, itakuwa imeshayala meno ya friwili na ya sahani ya mbele, na cheni mpya utakayoiweka itaruka kila unapokanyaga kwa nguvu, hivyo utalazimika kununua vyote vitatu.